Nyundo ya Marehemu Ujihara

Kamitsuno, 3 Juni 1991

Kaka Katsunori,

Salamu kwako na kwa wifi. Siku arobaini na tisa tangu Baba afariki zimetimia jana. Kasisi wa hekalu alisoma haraka haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, akala, akaondoka. Nilikuwekea mto wa kukalia mbele kabisa, mahali pa mwana mkubwa, kisha nikauondoa kabla wageni hawajaanza kuniuliza uko wapi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikikupigia unasema "ndiyo, ndiyo, sawa," unakata, na mimi nabaki sijui sawa ni ipi.

Bi. Nishimori anataka kiwanja chake mwisho wa Oktoba. Simlaumu, ni chake, na amemvumilia Baba na moshi wake miaka yote hii. Maana yake karakana inabomolewa, na mashine lazima zipate pa kwenda. Unajua zilivyo: nyundo ya mashine, jiwe kubwa la kunolea, mkasi wa kukatia chuma, feni ya tanuru. Zote zilikuwa zinafanya kazi mpaka wiki aliyolazwa. Mimi nimefunga mipini ya visu na mapanga ya Baba tangu nirudi kutoka kwa mume, miaka tisa sasa, kwa hiyo usinione kama mtu anayelilia vyuma asivyovijua. Nataka ziende kwa mtu atakayezitumia.

Jiwe la kunolea limepata mwenyewe: mama mmoja wa bonde la chini anayenoa miundu ya wakulima. Alilizungusha kwa mkono, akasikiliza kama daktari, akasema, "Hili bado lina miaka ishirini." Nikampenda papo hapo. Halafu akaja bwana mmoja wa mjini anayefungua baa, anataka nyundo aiweke mlangoni, aipake rangi nyekundu, wanywaji wapigie picha. Nilimwambia, "Bwana, ungekubali nimpake rangi baba yako?" Hakurudi.

Sasa sikiliza la tatu. Alhamisi alikuja mtu na kigari cheupe cha mizigo. Wa umri wa miaka hamsini hivi, mrefu, mpole kupita kiasi. Mkono wa kushoto kavaa glovu ya kazi, joto hili, na jasho linamtoka. Nikampa chai, akanywa kwa mkono mmoja, glovu hakuvua. Jiwe hakulitazama, feni hakuitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyundo, akapeleka mkono nyuma ya nguzo na kuwasha taa. Kaka, swichi ile hata mafundi wa umeme huwa wanaitafuta! Kisha akachuchumaa, akakaa muda mrefu anatazama kanyagio.

Nikamuuliza, "Ulikuwa unamjua Baba?"

Akasema, "Kidogo."

Anaitwa Okabayashi, ana karakana Susaki. Anataka nyundo na nyundo tu. Machale yamenicheza. Nimemwambia asubiri. Wewe unamjua?

Tamiyo


Amagasaki, 9 Juni 1991

Tamiyo mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Samahani kwa siku ya arobaini na tisa, kiwandani tulikuwa na ukaguzi.

Kuhusu nyundo: usimpe huyo mtu. Usimpe mtu yeyote. Mimi kazi yangu ni ukaguzi wa usalama, ninajua ninachosema. Mashine ile haina kinga ya mkanda wala kifunga-kanyagio, imetengenezwa kabla ya vita. Ikimuumiza mtu kesho, jina litakalotajwa ni letu. Ikatwe, iende kwenye chuma chakavu, yaishe.

Huyo Okabayashi aliwahi kufanya kazi kwa Baba zamani, ulikuwa mtoto. Alikuwa mlevi, Baba akamfukuza. Watu wa namna hiyo hawarudi bure, ana lake jambo. Asiingie tena karakana, na akiuliza habari za zamani usimjibu chochote.

Mashine nyingine fanya unavyoona.

Katsunori


Kamitsuno, 2 Julai 1991

Kaka,

Ulidhani sitajua?

Jana asubuhi nimetoka shuleni, nimemaliza kupika chakula cha watoto, nafika nyumbani nakuta gari la Hamaguchi wa chuma chakavu limeziba njia. Ameshusha mitungi ya gesi, amevaa miwani yake, yuko tayari kukata.

"Wewe, mzee, unafanya nini?"

"Kaka yako kanipigia simu toka Amagasaki. Kasema nikate nyundo vipande vipande, hapa hapa, nisiibebe nzima."

"Na mimi ni nani hapa?"

"Wewe ni dada mtu," akasema, "na mimi ninasikiliza mwana mkubwa."

Nikaenda nikakaa juu ya nyundo. Ndiyo, nilipanda na aproni yangu ya jikoni, nikakaa. Nikamwambia awashe moto wake tuone. Hamaguchi alisimama, akavuta sigara mbili, akasema familia ya Ujihara wote vichwa maji, akapakia mitungi akaenda. Ameahidi kurudi baada ya sikukuu ya wafu ya Agosti, "mkishakubaliana."

Kwa nini umenizunguka? Na kwa nini vipande vipande? Chuma chakavu kikiwa kizima kina ubaya gani? Na jambo lingine: mimi nilikuandikia kuwa mtu ana glovu, nilitegemea utaniuliza ya nini. Hukuuliza. Mtu yeyote angeuliza.

Nimemuuliza Bi. Nishimori. Amesema bila hata kusita, "Okabayashi? Si yule aliyejikata vidole kwa ulevi wake!" Vitatu, vya mkono wa kushoto, kwenye nyundo hiyo hiyo. Mwaka 1963. Kumbe bonde zima linajua isipokuwa mimi.

Sasa siwaamini nyote wawili. Yeye kanificha, wewe umenificha. Nitamwandikia.

Feni ya tanuru imechukuliwa na mume na mke wanaochoma mkaa kule juu. Wamenipa magunia mawili ya mkaa, sijui niupeleke wapi.

Tamiyo


Kamitsuno, 4 Julai 1991

Kwa Bwana Okabayashi Shigeto, Susaki

Bwana Okabayashi,

Naandika bila salamu za msimu wala kuuliza hali ya hewa, utanisamehe.

Ulikuja nyumbani kwangu, ukanywa chai yangu, nikakuuliza kama ulimjua Baba, ukasema kidogo. Umeishi kwenye nyumba hii miaka mitano! Ulilala chumba cha juu ya ghala. Bi. Nishimori anasema ulikuwa unanibeba mgongoni kwenda kutazama mto ukifurika. Hiyo ndiyo "kidogo" ya kwenu?

Wanasema ulikuwa mlevi, ukaumia kwa ulevi, Baba akakufukuza. Kama ni kweli, nieleze mtu anataka nini na mashine iliyomla vidole. Unataka kuivunja? Unataka kutushitaki? Au unatafuta jambo la kuisema familia yangu sasa kwa kuwa mwenye kujibu amekufa?

Nijibu kwa maandishi. Ukija mwenyewe sitafungua mlango.

Ujihara Tamiyo


Susaki, 15 Julai 1991

Binti wa Ujihara,

Umenikaripia sawasawa. Nilisema kidogo kwa sababu sikujua umeambiwa nini, na sikutaka mimi niwe wa kwanza.

Sinywi pombe. Sijawahi. Mwili wangu hauipokei. Kikombe kidogo tu ninakuwa mwekundu kama pweza wa kuchemsha na kutapika. Muulize mtu yeyote Susaki. Kwenye harusi yangu mwenyewe nilikunywa chai ya shayiri.

Nyundo ninaitaka kwa sababu ni nzuri. Ninatengeneza visu vya wauza samaki, vya kukatia jodari. Nina vidole saba. Nyundo niliyonayo ni ya nguvu tu, haina adabu. Ukigusa kanyagio inashuka kama imesukumwa. Ile ya baba yako alizirekebisha springi zake mwenyewe mpaka ikawa inasikiliza mguu: ukikanyaga kidogo inagusa kidogo, yai halivunjiki. Sijaiona nyingine kama hiyo, na waliokuwa wanaziunda wamekufa. Mtu wa vidole saba anahitaji nyundo inayosikiliza. Sina sababu nyingine. Ningekuwa na sababu nyingine ningekuja mapema zaidi ya miaka ishirini na nane.

Siku ile siwezi kukusimulia. Ni habari ya nyumba yako, na wewe ndiye uliyebaki ndani yake. Muulize aliyekuwepo.

Ulikuwa mzito kubeba, ulikuwa unanivuta masikio.

Okabayashi


Kamitsuno, 20 Agosti 1991

Kaka,

Sikukuu ya wafu imepita na hukuja. Hamaguchi hajarudi, nimemwambia akirudi nitamwita polisi.

Nimekwenda ofisi ya chama cha wahunzi. Katibu, Bwana Kitadai, hakutaka kunionyesha kitu. "Mambo ya wanaume ya zamani hayo," akasema. Nikakaa. Saa sita nikafungua chakula changu nikala mezani kwake. Saa nane akanitolea kitabu cha ajali.

Mwandiko wa Baba ninaujua. Ameandika: mwanafunzi Okabayashi Shigeto alikuwa akikaza kabari inayobana fuawe ya chini, chuma cha kupigia, kwa upande wa nyuma wa nyundo, huku amelewa, akakanyaga kanyagio mwenyewe bila kujua. Muhuri wake, tarehe, saa saba mchana, basi.

Kaka, nilirudi nyumbani nikazima umeme wa karakana yote, nikaenda nyuma ya nyundo, nikapiga magoti pale kabari ilipo, nikatia mkono. Kanyagio liko mbele. Nilinyoosha mguu kila namna. Nilijaribu kwa mguu wa kulia, wa kushoto, nikalala chini, nikajitia uchafu wa grisi mpaka nyweleni. Mguu haufiki. Okabayashi ni mrefu kuliko mimi lakini hata angekuwa na miguu ya korongo, haufiki. Na mtu asiyekunywa hata harusini alilewaje saa saba mchana?

Kwa hiyo kuna mtu mwingine aliyekanyaga. Na Baba ameandika uongo kwa mkono wake.

Nimekaa nalo siku tatu. Ninaona jibu moja tu: Baba ndiye aliyekanyaga. Alimkata mwanafunzi wake vidole, akamsingizia ulevi ili asilaumiwe, akamtupa nje. Yule yule Baba aliyekuwa anarudisha kisu kwa mteja mara tatu kwa sababu ya mkwaruzo usioonekana! Sijamwekea wali mbele ya picha yake tangu Jumamosi. Wala maji. Ninapita pale nageuza uso. Nikifunga mipini najiuliza nimekuwa nafanya kazi ya nani.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulikuwepo. Je, ndiyo sababu uliondoka majira yaliyofuata, na hata kwenye mazishi ulisimama nje ya mlango wa karakana hukuingia? Ulimwona akifanya hivyo?

Niambie tu nijue. Usinipigie simu.

Tamiyo


Amagasaki, 27 Agosti 1991

Tamiyo,

Mwekee Baba wali wake. Sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma.

Ni mimi.

Mota ya nyundo ilikuwa jukumu langu. Kabla ya chakula cha mchana nilitakiwa kuizima, na siku hiyo sikuizima, nilikuwa nimegombana na Baba kwa sababu nilitaka kuja huku kiwandani, hakutaka. Nilitoka kwa hasira. Okabayashi alidhani imezimwa. Mkanda ulikuwa unazunguka bure na mvua ilikuwa inapiga bati, hukuweza kusikia. Akaenda nyuma kukaza kabari. Nilirudi, nikataka kuchukua redio yangu juu ya rafu. Rafu iko juu ya kanyagio. Nikasimama juu ya kanyagio. Hivyo tu. Hata sekunde moja haikufika.

Hakupiga kelele. Alisema, "Katchan, ondoa mguu." Alikuwa ananiita hivyo.

Baba alifunga mkono wake kwa taulo na kamba. Alifanya vizuri, daktari alisema vidole viwili vya mwisho na cha kati visingeokolewa hata hospitali ya mjini. Kisha, kabla gari halijafika, Baba akaenda kwenye kirafu cha miungu ya tanuru, akachukua chupa ya pombe ya sadaka, akammwagia Okabayashi kwenye shati. Yote. Okabayashi alikuwa ameketi sakafuni, mweupe kama karatasi, anamtazama tu. Baba alikuwa analia. Alisema, "Nisamehe, huyu ndiye mwanangu pekee wa kiume." Mimi nilikuwa nimesimama na redio mkononi.

Baadaye hakunigusa wala kunisema. Alinisainia karatasi za kiwanda siku hiyo hiyo. Ndivyo nilivyopata nilichokitaka.

Nimekagua mashine za watu miaka ishirini. Kila mkanda usio na kinga ninausimamisha, vijana wananiita Mzee Zima-Zima. Wanadhani ni bidii.

Nilitaka nyundo ikatwe vipande vipande kwa sababu nilidhani Okabayashi anakuja kusema. Niliposoma kwamba alichuchumaa kutazama kanyagio, sikulala. Wifi yako hajui lolote kuhusu hili.

Sijui niandike nini zaidi.

Katsunori


Kamitsuno, 31 Agosti 1991

Kaka,

Wali nimeweka. Nilimwomba Baba radhi kwa la kanyagio. La pombe na kitabu cha chama sikumwomba, hayo alifanya yeye.

Mwanzoni nilitaka kukuandikia kurasa kumi za matusi. Kisha nikakumbuka umri wako wakati ule, nikaichana karatasi. Kisha nikakumbuka kwamba sasa una arobaini na tano, na mwezi wa saba ulimwita Hamaguchi, nikataka kuanza upya. Kwa hiyo naandika kwa ufupi.

Nyundo inakwenda Susaki. Lori na kreni ndogo vitakuja tarehe 20 Septemba. Sikuombi ruhusa.

Anwani ya Okabayashi iko nyuma ya bahasha. Utamwandikia wewe, siyo mimi kwa niaba yako. Usimtumie zawadi. Ukimtumia keki za Osaka nitakuja huko nizile mbele yako.

Tamiyo


Susaki, 6 Oktoba 1991

Bwana Ujihara Katsunori,

Barua yako ya tarehe 12 Septemba nimeipata. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya kumwaga zege la kuisimamisha nyundo, na kwa sababu sikujua nijibu nini.

Umeuliza kama nilijua ni wewe. Nilijua. Niliona viatu vyako, vile vya turubai vyenye kamba nyekundu, vilikuwa mbele ya uso wangu upande wa pili wa chuma. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani utasema mwenyewe. Nilingoja mpaka mwaka mpya, kisha mpaka mwaka mpya mwingine, kisha nikaacha kungoja nikatafuta kazi. Hakuna mhunzi wa bonde aliyenipokea. Nani anampa mlevi koleo? Nilikwangua kutu kwenye meli miaka saba. Ufundi nimejifunza upya peke yangu, usiku na Jumapili.

Baba yako alikuja Susaki mara moja. Nilimwona dirishani, amesimama ng'ambo ya barabara na kofia mkononi. Alisimama muda wa kuchemka birika. Sikutoka. Akaondoka. Hilo ni langu, nalibeba.

Umeandika "naomba msamaha" mara sita, nimehesabu. Sikudharau. Lakini msamaha wa kwenye bahasha ninausoma mimi peke yangu, na mimi nilikuwa najua tangu mwanzo kwamba sikulewa. Waliokuwa hawajui ni wengine. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Nilimwambia, "Mama, sikunywa." Akajibu, "Mwanangu, nilinusa shati mimi mwenyewe." Alikufa 1979. Miaka kumi na sita alikuwa akificha pombe ya mchele ya kupikia kila nikimtembelea, isije ikanitamanisha.

Tarehe 8 Novemba ni sikukuu ya mivuba ya kupulizia moto. Wahunzi wote wa bonde watakutana ofisi ya chama kama kila mwaka. Kasimame pale ulisema, na kitabu kile kisahihishwe. Mimi sitakuja, sitaki kutazamwa mkono.

Ukishindwa, niambie umeshindwa. Nitaelewa, binadamu ni binadamu. Ila usiniandikie tena.

Okabayashi Shigeto


Kamitsuno, 10 Novemba 1991

Fundi Okabayashi,

Hukuja, kwa hiyo naandika kila kitu kama nilivyokiona. Sipunguzi wala siongezi.

Mpaka asubuhi ya tarehe 8 sikuamini kama Kaka atakuja. Nilikuwa nimeshatunga kichwani ya kumwambia. Akashuka kwenye basi la saa tatu na suti nyeusi, wifi yupo nyuma yake, macho yamevimba. Kumbe alimwambia kwenye treni. Wifi alinishika mkono, akasema, "Dada, miaka ishirini na moja ya ndoa, nimemjua leo kati ya Okayama na mlango wa bahari."

Kwenye chama walikuwepo wahunzi kumi na mmoja. Mivuba imewekewa machungwa na kamba ya majani ya mpunga, jodari wamekatwa, pombe ipo. Kitadai alimkaribisha Kaka kwa heshima zote: "Mwana wa marehemu Ujihara, keti hapa juu." Kaka hakukaa. Akasema ana neno kabla ya watu kunywa.

Sauti yake haikutoka vizuri mwanzoni. Mtu nyuma akasema, "Ongea, hatusikii." Akaanza tena. Alisema mota, alisema redio, alisema mguu. Alipofika kwenye chupa ya pombe, Kitadai akapiga meza.

"Inatosha! Baba yako yuko kaburini miezi saba tu, hawezi kujitetea. Keti chini."

Nikaona Kaka anaanza kupinda magoti kukaa. Fundi, nakwambia ukweli, pale nilidhani basi, kwisha. Ndipo Mzee Chikamori, yule mwenye miaka tisini na moja, anayefua majembe, akasema bila kuinua kichwa, "Acha amalize. Mimi nilimnyima yule kijana kazi. Nataka kusikia nilimnyima kwa nini."

Kaka akamaliza. Mzee Chikamori akauliza tu, "Ni Genkichi mwenyewe aliyemwagia?"

"Ndiyo, mzee. Baba."

"Na wewe ulikuwa unatazama."

"Nilikuwa natazama."

Mzee akaomba kitabu. Kitadai hakutaka, wakabishana, akasema kumbukumbu za chama haziguswi. Mzee Chikamori akasema basi asiguse, aandike chini yake. Ikaandikwa. Kaka akasoma kwa sauti, akapiga muhuri wake, mimi nikapiga wangu kama shahidi. Nimekutolea nakala, iko ndani ya bahasha hii. Haina maneno mazuri. Inasema hukuwa umelewa, kanyagio lilikanyagwa na Ujihara Katsunori, na maelezo ya mwalimu wako hayakuwa ya kweli.

Watu watatu waliondoka bila kugusa chakula. Bi. Nishimori leo hakunisalimu kisimani. Wateja wawili wa Baba wamenirudishia oda za mipini. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia kwa sababu nilisema sipunguzi.

Kaka alikwenda karakana kabla ya kuondoka. Imebaki sakafu tu, na lile shimo la msingi wa nyundo ambalo wabomoaji hawajalifukia. Aliingia, akazunguka, akatoka. Aliuliza kama utamkubali akija Susaki. Nilimwambia mimi siyo katibu wako.

Mkasi wa kukatia chuma bado uko ghalani kwangu. Shule ya ufundi waliutaka, nimekataa. Mwalimu wao alikuwa anauegemea wakati anaongea. Ukiuhitaji, chukua.

Ujihara Tamiyo


Susaki, 24 Novemba 1991

Bi. Tamiyo,

Nyundo imekaa vizuri. Zege limekauka na juzi nimeipiga kwa mara ya kwanza. Nilianza na kipande cha chuma laini, kisha nikaweka yai la kuku, maana nilikuandikia hivyo na nikaona aibu nisipojaribu. La kwanza lilivunjika. La pili halikuvunjika. Mke wangu amekataza la tatu.

Mkasi nitaufuata mwanzoni mwa Desemba. Andaa chai, nitakunywa kwa mikono miwili, jikaze usishtuke.

Kaka yako ameniandikia, ameomba kuja. Nimemjibu, "Bado." Sikusema hapana. Nikimwona mlangoni sijui uso wangu utafanya nini, na sitaki ufanye jambo ambalo sikuliamua. Labda mwakani, mpunga ukishapandwa. Mwambie alichofanya tarehe 8 nimekipokea.

Jumapili nilikwenda kaburini kwa mama. Nilisafisha jiwe, nikaweka maua, nikatoa ile nakala nikaisoma yote, pamoja na tarehe na majina ya mihuri. Kisha nikahamia upande wa pili nikaisoma tena kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii.

Okabayashi Shigeto